Simu za Luvungi na haki ambayo hakuna anayeidai

Mtu anayenunua simu ya Android katika soko la Luvungi, kwenye bonde la Ruzizi takriban kilomita 60 kaskazini mwa Uvira, hukagua kioo, betri na kamera, kisha huanza kujadiliana bei. Kuna kitu kingine anachokilipia ambacho muuzaji hakitaji, na pengine hakijui. Simu hiyo inaendeshwa na programu ya Linux, na leseni ya programu hiyo inamtaka kila anayeisambaza kibiashara ampe mnunuzi msimbo chanzo wake, au ampe ahadi ya maandishi ya kuutoa kwa yeyote atakayeuomba.

Hiyo si hisani ya mtengenezaji. Ni sharti la kisheria, na kampuni za Ujerumani, Marekani na Ufaransa zimewahi kushindwa mahakamani kwa kulivunja. Katika Kivu Kusini sharti hilo huvuka mpaka ndani ya maboksi ya simu, rauta na dekoda, na hakuna hatua ya ukaguzi iliyowekwa kwa ajili yake. Swali ni nani, kati ya kiwanda cha Shenzhen na meza ya muuzaji wa Luvungi, anayepaswa kulibeba.

Kupewa unga, kuambiwa upande

Msimbo chanzo ni maandishi anayoyaandika mtaalamu wa programu, ambayo mtaalamu mwingine anaweza kuyasoma, kuyasahihisha na kuyabadilisha. Kompyuta huyageuza kuwa namba ambazo simu inazielewa lakini binadamu hazimfai kitu. Kupewa zile namba peke yake ni kama kupewa unga na kuambiwa uende ukapande: utakula leo, lakini hutavuna.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Mwaka 1992 aliiweka chini ya leseni ya GPL, iliyobuniwa na Mmarekani Richard Stallman. Toleo la pili la leseni hiyo, la Juni 1991, ndilo linalotawala kiini cha Linux hadi leo. Linamruhusu mtu yeyote kuitumia programu, kuibadilisha na kuiuza bila kuwalipa walioiandika hata senti moja. Anachodaiwa ni kitu kimoja: akiisambaza, atoe na msimbo chanzo pamoja na mabadiliko aliyoyafanya.

Kifungu cha tatu cha leseni kinaeleza namna ya kufanya hivyo. Muuzaji anaweza kuuweka msimbo pamoja na kifaa. Anaweza pia kutoa ahadi ya maandishi, itakayodumu miaka mitatu au zaidi, kwamba ataukabidhi kwa bei isiyozidi gharama ya kuunakili na kuutuma. Ahadi hiyo si ya mnunuzi wa kwanza peke yake. Leseni inasema ni ya mtu yeyote. Kwa mji kama Luvungi, ambako simu inaweza kufika ikiwa imeshapita mikononi mwa watu wawili au watatu, neno hilo lina uzito: aliyenunua simu kuukuu ana haki ile ile ya aliyeifungua boksi.

Wengi wanaotumia Android hawajui kwamba orodha ya leseni hizi imo ndani ya simu yenyewe. Ukifungua mipangilio, ukaenda kwenye sehemu ya taarifa za simu na kisha taarifa za kisheria, utakuta kurasa ndefu za maandishi madogo, kwa Kiingereza. Humo ndimo GPL inamotajwa. Si Kiswahili, si Kifaransa ambacho ndicho lugha rasmi ya Kongo, na kwa hakika si Kifuliiru. Sheria imetimizwa kwa namna ambayo mwenye haki hawezi kuisoma.

Inafaa pia kueleza haki hiyo inaishia wapi. Google ilipojenga Android iliweka kiini cha Linux chini kabisa, kisha juu yake ikapanga programu nyingi zenye leseni ya Apache, ambayo haimlazimishi mtengenezaji kutoa msimbo wa mabadiliko yake. Kwa hiyo kinachodaiwa na GPL ni tabaka la chini: kiini kinachozungumza na chipu, betri, kamera na redio ya simu. Si simu nzima. Lakini bila tabaka hilo, yaliyo juu hayana pa kusimama.

Somo la Hamburg

Kesi iliyo karibu zaidi na hali ya mfanyabiashara wa Uvira haikuhusu simu wala haikutokea Afrika. Ilitokea Hamburg, Ujerumani, mwaka 2013.

Kampuni ya Fantec iliuza nchini humo kifaa cha kuchezea video kilichotengenezwa China, na ndani yake kulikuwa na Linux. Fantec iliweka msimbo chanzo kwa ajili ya wateja, kama inavyotakiwa. Tatizo ni kwamba msimbo huo haukulingana na programu iliyokuwa ndani ya kifaa: ulikuwa wa matoleo ya zamani, na sehemu moja, iitwayo iptables, haikuwemo kabisa. Mlalamikaji alikuwa Harald Welte, mmoja wa waandishi wa sehemu hiyo, mtu ambaye tangu mwaka 2004 alikuwa amezifikisha kampuni kadhaa mbele ya mahakama za Ujerumani kwa suala hili hili.

Utetezi wa Fantec ungeeleweka na kila mwagizaji bidhaa kuanzia Dubai hadi Kalundu: muuzaji wetu wa China alituhakikishia kwamba msimbo umekamilika. Mahakama ya Hamburg ilikataa. Anayeingiza kifaa sokoni, ilisema, hawezi kujificha nyuma ya neno la aliyemuuzia. Anapaswa kuhakikisha mwenyewe, au kumlipa mtaalamu amhakikishie.

Hukumu hiyo haimfungi mtu yeyote Kongo. Hata hivyo inaonyesha mzigo unapoangukia pale sheria inapofuatwa hadi mwisho: si kwa mwenye kiwanda aliye mbali, bali kwa aliyefungua mlango wa nchi. Katika GPL yenyewe, njia rahisi ya kumkabidhi mteja ahadi iliyotolewa na mtu mwingine imeachwa kwa wanaosambaza bila biashara. Mfanyabiashara hakupewa njia hiyo. Wanasheria hawakubaliani kama anayeuza tena kifaa kilichoingia sokoni kihalali anabanwa pia, na hakuna mwenye akili timamu atakayemshitaki kijana mwenye meza ya simu pembeni mwa barabara ya Bukavu. Lakini anayeleta maboksi elfu moja kwa mkupuo ni jambo jingine.

Kesi nyingine zimeujenga msingi huo kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2003 iligundulika kwamba rauta ya Linksys WRT54G, ya kampuni iliyokuwa imenunuliwa na Cisco, ilikuwa na Linux bila msimbo wake kutolewa. Baada ya shinikizo msimbo ukatoka, na kutokana nao ukazaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004, ambao leo unaendesha rauta za aina nyingi duniani. Mwaka 2010 mahakama ya New York iliiamuru kampuni ya televisheni ya Westinghouse Digital kulipa dola 90,000 na kuacha kuuza televisheni zenye programu ya BusyBox kinyume cha leseni.

Ufaransa, Februari 2024, Mahakama ya Rufaa ya Paris iliiamuru Orange kuilipa kampuni ndogo ya Entr'Ouvert euro 650,000 kwa kutumia programu yake nje ya masharti ya GPL. Kesi hiyo ilihusu tovuti ya huduma za serikali ya Ufaransa, haikuhusu simu, na haikuigusa Orange ya Kongo. Lakini jina hilo linafahamika vizuri kando ya ziwa Tanganyika. Mwaka 2019 kundi hilo lilitangaza kwa masoko yake ya Afrika simu ya Sanza, kwa bei ya takriban dola 20, inayotumia mfumo wa KaiOS. Nao KaiOS umejengwa juu ya kiini cha Linux. Hata simu ya vitufe, kumbe, inaweza kuwa imebeba ahadi hiyo.

Njia ya boksi hadi Luvungi

Vifaa vya umeme vinavyouzwa katika bonde la Ruzizi huingia kwa njia ambazo kila mkazi anazijua. Vingine hupitia Dar es Salaam na Kigoma, vikavuka ziwa hadi bandari ya Kalundu. Vingine hutoka Bujumbura kupitia Gatumba na mpaka wa Kavimvira. Vingine hushuka kutoka Bukavu, au huvuka mto Ruzizi upande wa Kamanyola. Tangu waasi wa AFC/M23 walipoiteka Bukavu Februari 2025, na hasa tangu mapigano yalipofika Luvungi na Uvira Desemba mwaka huo, njia hizo zimekuwa zikifungwa na kufunguliwa kufuatana na hali ya vita.

Katika amani, milango hiyo ina walinzi. Kuna forodha. Kuna ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, OCC. Kuna mamlaka ya udhibiti wa posta na mawasiliano, ARPTC, ambayo kazi yake mojawapo ni kutoa idhini kwa vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa nchini. Hivyo, dola ya Kongo tayari ina mahali ambapo mwagizaji anaweza kuulizwa: msimbo chanzo wa kifaa hiki uko wapi, na mnunuzi auombe kwa nani?

Hoja kwamba serikali haina uwezo wa kufuatilia kifaa kimoja kimoja haiwezi kusimama. Septemba 2020 Kinshasa ilianzisha daftari la vifaa vya simu, maarufu kama RAM. Kila simu ilitambuliwa kwa namba yake, na mwenye simu ya 3G au 4G akakatwa jumla ya dola 7 kwa mwaka kutoka kwenye salio lake, yale ambayo Uvira huitwa yuniti. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupambana na simu bandia na zilizoibwa. Wananchi waliipinga kodi hiyo kwa hasira, bunge likaijadili, na mwanzoni mwa 2022 ikafutwa. Kwa mwaka mmoja na zaidi dola ilijua kila simu iko wapi, ikachukua pesa, na mwenye simu hakupata kwa malipo yake hata karatasi moja inayomweleza kilichomo ndani ya kifaa chake.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Usiku wa Juni 16, 2016, mamlaka ya mawasiliano TCRA ilizima simu bandia nchi nzima. Mtu aweza kuulaumu ukali ule, lakini ulithibitisha kwamba mdhibiti akiamua, mkono wake unafika hadi mfukoni mwa raia. Hakuna mdhibiti katika ukanda huu aliyejulikana kwa kuutumia mkono huo kumdai mtengenezaji msimbo.

Kwa nini mkulima ajali

Msomaji wa Luvungi anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, mkulima wa mihogo au muuza samaki atafanya nini na mamilioni ya mistari ya msimbo. Jibu fupi ni kwamba hatafanya kitu. Vivyo hivyo hasomi mchoro wa injini ya pikipiki yake. Lakini ananufaika kwa kuwa fundi anaweza kuifungua.

Jibu refu linaanzia kwenye pesa. Baada ya Goma na Bukavu kutekwa mapema 2025, benki zilifunga milango katika miji hiyo, na simu ikabaki kuwa pochi ya watu wengi: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Desemba 2025 makumi ya maelfu ya watu waliokimbilia Burundi kutoka Uvira na bonde la Ruzizi walivuka na walichoweza kubeba. Simu ilikuwa benki yao, redio yao na njia pekee ya kuwatafuta ndugu waliopotezana nao. Kifaa cha aina hiyo kikiwa na tundu la usalama lisilozibwa, hasara yake si ya nadharia.

Na matundu yapo. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream na shirika la habari la BuzzFeed News ziliripoti kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zilitoka kiwandani zikiwa na programu hasidi za xHelper na Triada. Programu hizo zilikuwa zikiwaandikisha wenye simu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua na kula salio lao. Upstream ilisema ilinasa miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 kutoka vifaa zaidi ya 200,000. Transsion, kampuni mama ya Tecno, Itel na Infinix, ambayo huuza karibu nusu ya simu janja za Afrika, ilimlaumu msambazaji ambaye hakutajwa jina katika mnyororo wake wa uzalishaji, na ikasema ilikuwa imetoa masasisho ya kurekebisha.

Ni lazima kusema wazi: programu hizo hasidi hazikuwa sehemu ya kiini cha Linux, na msimbo chanzo wa GPL peke yake usingezifichua. Uhusiano uko kwingine. Jibu la Transsion na utetezi wa Fantec ni ndugu: vyote vinasema kilichomo ndani kiliwekwa na mwingine. Kampuni inayoweza kutoa msimbo kamili na sahihi wa kifaa chake imelazimika kwanza kujua kila kilichoingia humo, kimetoka kwa nani, na ni toleo gani. Isiyoweza, mara nyingi ni kwa sababu haijui. Ndiyo maana suala hili, linaloonekana kuwa la wapenda kompyuta wa Ulaya, ni kipimo kizuri cha kama mwenye chapa anakijua anachokiuza.

Kuna pia suala la umri wa simu. Simu za bei nafuu huachwa na watengenezaji wake mapema, nyingine bila kupata toleo jipya la Android hata moja. Mwenye simu Luvungi haitupi kwa sababu hiyo. Ataitumia hadi kioo kife. Ikigoma, fundi ataiunganisha na kompyuta na kuipakia programu upya, kuiflashi kama wanavyosema wenyewe, kwa faili aliyoipata mtandaoni au kwa fundi mwenzake. Nani aliitengeneza faili hiyo na aliongeza nini ndani yake, fundi hana njia ya kujua. Msimbo ukiwa wazi, kikundi cha wataalamu popote pale duniani kinaweza kuziba matundu ya modeli hiyo na kuweka faili safi ambayo fundi wa Uvira ataipakua mara moja na kuwagawia wateja wake wote.

Madini ya Kivu, chipu ya Taiwan

Mfano ulio wazi zaidi wa tofauti hiyo unaihusu Kivu Kusini moja kwa moja. Fairphone, kampuni ya Uholanzi iliyoanza kuuza simu mwishoni mwa 2013, ilijitangaza kwa kutumia bati lisilochochea vita, na sehemu ya bati hilo ilitoka mgodi wa Kalimbi, Nyabibwe, katika wilaya ya Kalehe. Ilikuwa na nia njema na wateja waliokuwa tayari kulipa zaidi. Lakini chipu ya simu yake ya kwanza ilitoka kwa MediaTek ya Taiwan, na Fairphone ilijikuta haina msimbo wala ruhusa ya kuihamisha simu hiyo kutoka Android 4.2. Mwaka 2017 iliacha kuihudumia.

Simu yake ya pili, ya mwaka 2015, ilitumia chipu ya kampuni nyingine, Qualcomm, na msimbo wake mwingi ukatolewa hadharani. Qualcomm nayo iliiacha chipu hiyo baada ya Android 6. Hata hivyo wahandisi wa Fairphone, wakisaidiwa na wataalamu wa kujitolea, waliifikisha hadi Android 10 na kuihudumia mpaka Machi 2023. Zaidi ya miaka saba. Ni kampuni ile ile na dhamira ile ile. Kilichobadilika ni nani alikuwa na maandishi mkononi.

Kama mtengenezaji mwenyewe wa Amsterdam anaweza kunyimwa, mwagizaji wa Uvira akiandika barua leo huenda asijibiwe. Na hata akijibiwa kuna kizuizi kingine. Toleo la pili la GPL linadai msimbo pamoja na maelekezo ya kuugeuza na kuusakinisha, lakini simu nyingi zimefungwa kufuli: programu ndogo inayoiamsha simu hukataa chochote kisicho na sahihi ya kiwanda. Toleo la tatu, la Juni 2007, liliandikwa kwa sehemu ili kuvunja kufuli hiyo. Torvalds alilikataa kwa ajili ya Linux. Juu ya hayo, sehemu inayozungumza na minara ya mtandao wa simu ni siri ya mtengenezaji wa chipu na GPL haiifikii. Anayewaahidi vijana wa Luvungi kwamba msimbo chanzo utafufua kila simu iliyokufa anawadanganya.

Kwenye rauta hali ni bora zaidi, kwa kuwa OpenWrt imeshafanya kazi kubwa na vifaa vingi havina kufuli. Kivu Kusini imewahi kuwa na mitandao ya jamii, Mesh Bukavu pamoja na Pamoja Net ya kisiwa cha Idjwi, na miradi ya namna hiyo huishi kwa vifaa vya bei nafuu vinavyoweza kubadilishwa programu. Starlink, iliyopata leseni ya kufanya kazi Kongo Mei 2025 baada ya kupigwa marufuku mwaka mmoja kabla, hutumia rauta yenye programu iliyotokana na OpenWrt, na SpaceX imeuweka msimbo wake hadharani. Kumbe kampuni ikitaka, inawezekana.

Nani anaweza kushitaki

Kisheria Kongo si jangwa. Sheria ya hakimiliki ni ya Aprili 5, 1986, iliyoandikwa kwa kuwafikiria wanamuziki na waandishi kuliko wahandisi wa programu. Nchi ni mwanachama wa Mkataba wa Berne na wa Shirika la Biashara Duniani, ambalo linataka programu za kompyuta zilindwe kama maandishi, ingawa nchi maskini zaidi, Kongo ikiwemo, zimepewa hadi Julai 2034 kutekeleza. Sheria ya dijitali ya Machi 13, 2023 inagusa biashara ya mtandaoni, data binafsi na uhalifu wa kompyuta. Msingi upo, ingawa kuta hazijapanda.

Ugumu ni kwamba chini ya hakimiliki anayeweza kushitaki ni mwandishi wa programu, na waandishi wa Linux hawaishi Uvira. Ndiyo sababu kesi inayopaswa kufuatiliwa iko California. Oktoba 2021 shirika la Software Freedom Conservancy liliishitaki kampuni ya televisheni ya Vizio, si kama mwandishi bali kama mteja aliyenunua televisheni dukani. Hoja yake ni kwamba GPL ni mkataba, na mnunuzi ndiye mnufaika wake. Vizio ilijaribu kuihamishia kesi mahakama ya shirikisho, ikashindwa mwaka 2022. Ikaomba itupwe bila kusikilizwa, na Desemba 2023 jaji akakataa.

Hoja hiyo si ngeni kwa Kongo. Sheria yake ya mikataba, inayotokana na amri ya Julai 30, 1888 ya enzi za Mfalme Leopold, inalijua wazo la mkataba unaomnufaisha mtu wa tatu. Wakili wa Bukavu au Uvira hahitaji sheria mpya kutoka Kinshasa ili kuijaribu. Anahitaji mteja, kifaa chenye risiti, barua ya maombi ambayo haikujibiwa, na mahakama inayofanya kazi, jambo ambalo vita vimelifanya kuwa adimu kuliko hayo mengine yote.

Njia ya ARPTC ni fupi zaidi na haina haja ya jaji. Inatosha kwamba anayeomba idhini ya kuingiza kifaa chenye Linux aambatanishe msimbo kamili, au anwani ndani ya nchi ambako mnunuzi ataupata kwenye flashi kwa bei ya flashi. Hilo la mwisho si dogo. Kiini cha Linux, hata kikibanwa, kinazidi megabaiti 100, na kwa bei za intaneti za bonde la Ruzizi kiungo cha tovuti peke yake kinawafaa wachache. Walioandika GPL mwaka 1991 waliwawazia watu wasio na intaneti, ndiyo maana walizungumzia gharama za kunakili na kutuma.

Wakati huo huo, muda unahesabiwa. Ahadi ya maandishi inalazimika kudumu miaka mitatu tu. Kwa mtengenezaji aliyechagua njia hiyo, simu iliyouzwa Luvungi mwishoni mwa 2022 imeshatoka nje ya muda huo, na nyingi za rika lake bado ziko mikononi mwa watu, zikitunza pesa zao.